Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: pepa na saitesheni za mtafiti wa biolojia ya seli

Nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo hapa Mbeya na sehemu kubwa ya siku yangu ni kusaidia watu kutafuta makala na kusoma profaili za watafiti. Maswali yanayokuja yanafanana sana, awe mwanafunzi wa Iyunga, mwalimu kapiga simu toka Iringa au mzazi yuko Tukuyu na mtoto wake anaomba masters, kwahiyo nimeyaweka hapa pamoja mtu asome taratibu. Mifano mingi ni ya biolojia ya seli kwasababu ndo fani ninayoulizwa sana, na ni fani ambayo namba za saitesheni zimeumiza watu wengi na zimepingwa na wenyewe mapema.

Mtafiti wa seli anafanya nini hasa, na hiyo rekodi ya machapisho ni kitu gani?

Anachunguza seli zinavyoishi, zinavyogawanyika, zinavyotumiana ishara na zinavyokufa. Kuna anayeangalia bakteria wa TB anavyojificha ndani ya seli za kinga kwenye mapafu, kuna wa saratani, kuna anayefanya kazi na hamira tu maisha yake yote, na huyo msimdharau, Nobeli imetoka kwenye hamira, tutafika huko. Akipata jibu anaandika makala, wote tunaita pepa, anatuma kwenye jarida, jarida linawapa wataalamu wengine wa fani hiyo wakague, wanarudisha na maswali kibao, anafanya majaribio mengine, anarudisha tena, na mambo yakienda sawa inatoka. Orodha ya pepa zote hizo toka aanze, aliandika na nani, zilitoka wapi na nani kazinukuu, ndo rekodi yake.

Saitesheni ni nini?

Mtu akiandika pepa akataja kazi yako kwenye marejeo yake, umepata saitesheni moja. Kuzihesabu kwa mpangilio ni kazi iliyosukumwa na Mmarekani Eugene Garfield, faharasa yake kubwa ya saitesheni za sayansi ilitoka 1964, na alichotaka ni mtafiti aweze kufuata wazo toka pepa moja kwenda nyingine, yaani hii imetajwa na nani, na huyo nae katajwa na nani, mpaka unafika leo. Mi mpaka sasa naona hayo ndo matumizi bora kabisa ya saitesheni. Kuzitumia kupima watu kulikuja kushika kasi baadae.

Kumbuka kwamba saitesheni haisemi kwanini umetajwa. Unaweza kutajwa kwasababu umegundua kitu, au wametumia mbinu yako, au wanaandika kwamba majaribio yako wamejaribu kuyarudia yamegoma. Zote zinahesabika moja moja.

h-indeksi inahesabiwaje? Nimesoma maelezo mara nyingi sielewi

Ni namba moja ya kupima pepa za mtafiti na saitesheni zake kwa pamoja, ilipendekezwa 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California pale San Diego. Chukua karatasi tufanye pamoja. Tuseme mtafiti ana pepa 8. Ziandike kuanzia yenye saitesheni nyingi kushuka chini: 48, 21, 15, 9, 6, 5, 2, 0. Sasa pembeni weka namba ya mstari, ya kwanza 1, ya pili 2, endelea hivo hivo. Mstari wa 1 una 48, imezidi 1, sawa. Wa 2 una 21, sawa. Wa 3 una 15, wa 4 una 9, wa 5 una 6, bado zinazidi namba ya mstari. Wa 6 una 5, hapo imepungua, simama. h-indeksi yake ni 5, maana ana pepa 5 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 5.

Sasa angalia kitu kimoja hapo. Hiyo pepa ya juu yenye 48, ingekuwa na 4,800, h-indeksi ingebaki 5 ile ile. Yaani mtu akifanya kazi moja iliyobadilisha fani nzima, h-indeksi haioni tofauti kati yake na mwenye pepa za kawaida zinazolingana. Alafu haishuki kamwe, hata mtu akiacha utafiti akaenda kulima parachichi Njombe namba inabaki au inaongezeka, kwahiyo mzee wa miaka 30 kazini na binti aliyemaliza PhD juzi ukiwalinganisha kwa h-indeksi unakuwa umemwonea binti bila sababu.

Hiyo i10-indeksi mnayoiona Google Scholar, ule mtandao wa Google wa kutafuta makala, ni rahisi zaidi, ni idadi ya pepa zenye saitesheni 10 au zaidi. Kwa mfano wetu ni 3.

Mbona Google Scholar inasema 310, Scopus 190 na Web of Science 150, nani muongo?

Hakuna muongo. Google Scholar inaokota kila kitu kinachofanana na maandishi ya kitaaluma mtandaoni, tasnifu za wanafunzi, ripoti, vitabu, machapisho ya awali, kwahiyo namba yake mara nyingi ndo kubwa. Scopus ya kampuni ya Elsevier na Web of Science ya Clarivate zenyewe zina orodha ya majarida yaliyochujwa, kama jarida lililokutaja halimo, saitesheni hiyo haihesabiki kwao, na majarida mengi ya Afrika hayamo. Mtu wetu akinukuliwa sana na wenzake wa hapa Tanzania, Malawi na Zambia anaweza kuonekana mdogo Scopus wakati kazi yake inasomwa na kutumika kabisa. Cha muhimu ukiandika namba kwenye CV andika umeitoa wapi na tarehe, na ukilinganisha watu wawili tumia chanzo kimoja kwa wote.

Dokta wetu ana pepa 9 kwa miaka 8, huyo si mvivu?

Hili swali naulizwa sana na linaniuma kila nikilisikia, kwahiyo naomba mnivumilie nieleze kwa kirefu.

Seli za binadamu au za mnyama zinazokuzwa maabara zinakaa kwenye inkubeta yenye nyuzi joto 37 na hewa yenye kaboni dioksaidi karibu asilimia 5, mfululizo, usiku na mchana, sikukuu haipo. Kila baada ya siku mbili tatu unazibadilishia chakula, zikijaa unazigawanya. Chakula chenyewe kinachanganywa na seramu ya ndama inayotakiwa kukaa kwenye ubaridi mkali toka kiwandani mpaka kwako, sasa fikiria mzigo umetua Dar, kuja Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, lori limelala Kitonga kwasababu kuna jingine limeanguka mbele, barafu inayeyuka, mzigo unafika lakini huna uhakika nao tena. Umeme ukikatika usiku na jenereta ikachelewa kuwaka, seli za wiki tatu unazikuta asubuhi zimeachia chini ya sahani zinaelea, na hapo unaanza upya. Kuna pia maikoplazma, kibakteria kidogo ambacho kwenye darubini ya kawaida hukioni, kinaingia kwenye seli zako na kubadilisha majibu bila wewe kujua mpaka upime maalum, na mtafiti mwaminifu akikikuta anatupa kila kitu, na data za miezi zinaenda na maji.

Alafu pepa moja ya seli siku hizi haikubaliki na jaribio moja. Wakaguzi wanataka uonyeshe jambo hilo hilo kwa njia tofauti tofauti, kwa darubini, kwa westani bloti (njia ya kuonyesha protini, nitaieleza chini), kwa kuzima jeni husika uone kama athari inapotea, na urudie kila jaribio. Kwahiyo pepa 9 kwa miaka 8, kama yeye ndo aliyeongoza na alifanyia kazi huku kwetu, ni kazi kubwa ya mtu anayejituma. Kabla hujasema mvivu fungua moja tu uhesabu picha na grafu zilizomo.

Impakti fakta ya jarida ikiwa kubwa, si ndo pepa ni nzuri?

Hapana. Impakti fakta ni namba ya jarida. Unachukua saitesheni ambazo jarida limepata mwaka huu kwa makala zake za miaka miwili iliyopita, unagawanya kwa idadi ya makala hizo. Jarida lenye makala 200 zilizopata saitesheni 900 lina 4.5. Lakini ndani ya hizo 200 utakuta chache zimebeba mzigo wote na nyingine nyingi zina moja au hazina kabisa. Ni kama wastani wa mavuno ya viazi ya kata nzima, haukwambii shamba la fulani limetoa gunia ngapi.

Na hapa watu wa seli wenyewe ndo walisimama. Desemba 2012 kwenye mkutano wa mwaka wa Jumuiya ya Marekani ya Biolojia ya Seli kule San Francisco, wahariri na wachapishaji walikaa wakaandaa tamko, likatoka rasmi Mei 2013, linaitwa DORA. Ujumbe wake mkubwa ni kwamba msitumie impakti fakta ya jarida kuamua nani aajiriwe, nani apandishwe, nani apewe fedha, someni kazi yenyewe. Maelfu ya taasisi na watu wamesaini duniani. Napenda sana kuwaambia watu hili maana wengi wanadhani kulalamika kuhusu impakti fakta ni maneno ya walioshindwa kuchapisha, kumbe walioanzisha ni watu wa ndani kabisa wa fani yenye majarida makubwa.

Mfano halisi ni Yoshinori Ohsumi wa Japani. Mwaka 1988 alianzisha maabara yake ndogo Chuo Kikuu cha Tokyo, akaanza kuangalia hamira kwa darubini ya mwanga ya kawaida, akazinyima chakula seli ambazo zilikuwa na kasoro ya vimeng'enya vya kuyeyusha, na akaona vifuko vidogo vinajazana ndani ya vakuoli, mfuko mkubwa wa seli wa kuyeyushia vitu. Seli ilikuwa inakula vipande vyake yenyewe ili iishi, hicho ndo kinaitwa otofaji. Pepa iliyoonyesha hamira zenye hitilafu kwenye jeni za kazi hiyo ilitoka 1993 kwenye FEBS Letters, jarida la heshima lakini sio lile ambalo kamati ya ajira ingesimama kuliangalia. Wakati huo waliokuwa wanafuatilia jambo hilo walikuwa wachache sana. Mwaka 2016 akapewa Nobeli ya tiba peke yake. Kama 1994 ungempima kwa jina la jarida au kwa saitesheni za mwaka mmoja ungempita njiani.

Mwingine ni Katalin Karikó, mzaliwa wa Hungary. Pepa yake na Drew Weissman ya 2005 iliyoonyesha kwamba ukibadilisha kidogo vijenzi vya mRNA, yale maelekezo yanayoiambia seli itengeneze protini gani, mwili hauishambulii tena, ilitoka kwenye jarida la Immunity, na alikuwa ameshashushwa cheo chuoni kwake Marekani miaka kumi kabla. Chanjo za Uviko zilipokuja saitesheni zikapaa, Nobeli wakapata wote wawili 2023.

Kwahiyo pepa yenye saitesheni nyingi zaidi duniani ndo ugunduzi mkubwa zaidi?

Wengi wanashangaa nikiwaambia. Pepa iliyonukuliwa kuliko zote ni ya Oliver Lowry na wenzake ya 1951, inahusu namna ya kupima kiasi cha protini kwenye kimiminika, ina saitesheni zaidi ya 300,000. Jarida la Nature lilipotoa orodha ya pepa 100 zilizonukuliwa zaidi mwaka 2014, ya pili ilikuwa ya Laemmli ya 1970, ambayo kila mtu aliyewahi kukimbiza protini kwenye jeli, yaani kuzitenganisha kwa umeme, ametumia njia yake, na ya tatu ya Bradford ya 1976, nayo ya kupima protini. Kuingia tu kwenye orodha hiyo ulihitaji saitesheni 12,119. Ile ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA haikuwemo.

Sababu ni kwamba mbinu ukiitumia lazima uitaje, na maelfu ya maabara wanaitumia kila wiki. Lakini ugunduzi ukishazoeleka unaingia kwenye vitabu vya kidato cha nne na hakuna anayeutaja tena. Kwahiyo ukiona pepa ya mtu ina namba kubwa jiulize ni ya aina gani, ya mbinu, ya mapitio inayokusanya kazi za wengine, au ya majaribio yake mwenyewe. Za mapitio nazo hunukuliwa sana kwasababu zinamrahisishia anayeandika, sio kosa, ila usizihesabu kama ugunduzi.

Jina la kwanza au la mwisho kwenye pepa, lipi kubwa?

Kwenye biolojia ya seli wa kwanza kwa kawaida ndo aliyeshika pipeti, aliyelala maabara, mara nyingi mwanafunzi wa PhD au aliyemaliza karibuni. Wa mwisho ndo mkuu wa maabara, aliyetafuta hela na wazo kubwa ni lake. Wa katikati walichangia sehemu, sampuli, takwimu, picha. Ukikuta nyota na maneno kwamba wawili walichangia sawa, basi wote ni wa kwanza. Na mwenye barua pepe ndo wa kuulizwa maswali.

Nina la kusema hapa kwa uchungu kidogo. Watafiti wengi wa nyanda zetu wana pepa nyingi za ushirikiano na vyuo vya nje, na Mbeya tuna bahati ya kuwa na kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, ambacho kimefanya kazi miaka mingi na Chuo Kikuu cha Munich na wengine kwenye TB na Ukimwi, hizo pepa zinanukuliwa vizuri. Ila kwenye miradi mingi ya namna hii barani kwetu aliyeongea na mgonjwa kwa lugha yake, akachukua damu, akaitenganisha seli saa hiyo hiyo kabla hazijafa, jina lake liko katikati ya majina 25, na mwingine anaishia kwenye shukrani tu. Ukisoma rekodi ya mtu wa hivi usiseme yupo katikati kila siku kwahiyo hajui kitu. Muulize alifanya nini. Na nyie vijana mkiingia kwenye mradi ongeeni mambo ya majina mwanzoni kabisa, iandikwe, kabla ya sampuli ya kwanza.

Majina yetu yanachanganywa mtandaoni, tufanyeje?

Hili ni tatizo la huku hasa. Kina Sanga wako wengi, kina Mwakyusa na Mwaipopo wako wengi, na mashine inaona "Sanga A" tu, mmoja ni wa seli Mbeya, mwingine wa misitu Iringa, mwingine wa uchumi Dodoma, inawaunganisha wote kwenye profaili moja, na unakuta mtu wa seli ana pepa ya bei ya mbao. Upande wa pili mtu mmoja anagawanyika, pepa moja kaandika majina mawili, nyingine matatu, kaolewa kabadilisha jina, saitesheni zimesambaa vipande vipande.

Dawa ni ORCID. Ni namba ya kumtambulisha mtafiti, ya tarakimu 16, ilianza 2012, bure kabisa, unajisajili kwa simu hata ukiwa kwenye daladala la Uyole. Ukishapata iweke kwenye kila pepa unayotuma. Pili chagua namna moja ya kuandika jina lako usibadilishe tena, na jina la chuo liandike kamili kwa namna ile ile, leo ukiandika MUST kesho Mbeya University of Science and Technology mashine inadhani ni sehemu mbili. Tatu, kwenye Google Scholar zima ile ya kuongeza pepa yenyewe, chagua ikuletee kwanza uidhinishe. Ukikuta pepa isiyo yako kwenye profaili yako itoe, hata kama inakupandisha namba. Mtu akiiona kabla yako atafikiri uliiacha makusudi.

Kujinukuu mwenyewe ni kosa?

Sio kosa. Kama unaendeleza kazi yako ya mwaka juzi lazima uitaje, na watu wa seli wanaokaa na protini moja miaka 15 wataonekana wanajitaja sana. Shida ni pale pepa ina marejeo 40 na 25 ni za mwandishi mwenyewe na nyingine hazihusiani na mada. Scopus inakuruhusu kuziondoa saitesheni za kujitaja uone kinachobaki, ikishuka sana uliza kwanini.

Nimepata email, jarida linaniita Profesa na linasema litachapisha pepa yangu ndani ya siku 5 kwa dola kadhaa, nilipe?

Usilipe. Ukaguzi wa kweli wa pepa ya seli ni wiki na miezi, siku tano hakuna aliyeisoma. Mkutubi mmoja wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, Jeffrey Beall, alikuwa na orodha maarufu ya majarida ya namna hii, akaiondoa mtandaoni Januari 2017, nakala zinazozunguka ni za zamani kwahiyo usizitegemee peke yake. Angalia kama jarida limo DOAJ, ile orodha ya majarida ya wazi yaliyochujwa, tafuta wahariri wake kama ni watu wanaojulikana na wenyewe wanalitaja kwenye kurasa zao, soma pepa mbili tatu zilizotoka humo. Ukiona jarida lina impakti fakta ya kampuni usiyoisikia popote, kimbia.

Kuna majarida mazuri kabisa yanayotoza ada na ada zake ni kubwa, kulipia peke yake sio dalili ya utapeli. Mengi yanasamehe au kupunguza kwa waandishi wa nchi zenye kipato kidogo, uliza kabla ya kutuma, sio baada ya kukubaliwa.

Nimesikia pepa kubwa za seli zinafutwa kwa sababu ya picha, ni kweli?

Kweli, na ukijifunza kuangalia utaona mwenyewe. Westani bloti ni ule mchoro wa mistari mieusi kwenye mkanda wa kijivu, kila mstari ni protini, ukinenepa protini ni nyingi. Kuza picha kwenye simu. Mistari miwili ya asili haiwi pacha, kila mmoja una kingo zake, kakona kalikopinda, doa la vumbi. Ukikuta mistari miwili yenye doa lile lile mahali pale pale, na juu imeandikwa kwamba ni sampuli tofauti, au mmoja umegeuzwa kulia kuwa kushoto, hapo kuna tatizo.

Jarida la Journal of Cell Biology lilianza kukagua picha za pepa zilizokubaliwa toka 2002. Mwaka 2016 Elisabeth Bik na wenzake walitoa matokeo ya kuangalia kwa macho pepa 20,621, wakakuta asilimia 3.8 zina picha zenye matatizo, na angalau nusu ya hizo zilionekana kama za makusudi. Na pepa mbili za seli za STAP toka Japani, zilizodai seli za kawaida zikishtuliwa kwa asidi zinarudi kuwa seli za mwanzo zinazoweza kuwa seli za aina yoyote, zilitoka Nature mwishoni mwa Januari 2014 dunia nzima ikashangilia, Julai mwaka huo huo zikafutwa. Saitesheni zake bado zipo. Ndo maana nasema kabla hujasifia namba, tafuta jina la pepa pamoja na neno la kufutwa, na PubMed, ule mtandao wa kutafutia pepa za tiba na biolojia, wanaweka alama juu kabisa pepa ikishafutwa.

Kuchapisha kwenye majarida ya hapa nyumbani kuna faida?

Ipo. Tanzania Journal of Science na Tanzania Journal of Health Research zinapatikana AJOL, mtandao wa majarida ya Afrika, ambayo imekuwepo toka 1998 na mtu wa Malawi au Nigeria anasoma bila kulipa. Kama utafiti wako unahusu wagonjwa wa Rungwe, daktari wa Rungwe ana nafasi kubwa ya kuukuta hapo. Saitesheni zitakuwa chache kwenye Scopus, ni kweli, na kwenye kupanda cheo vyuo vina vigezo vyao vya majarida, vikague kabla hujatuma.

Chuo hakijalipia majarida, tunasomaje hizo pepa?

Uliza maktaba kama chuo kimesajiliwa Research4Life, mpango wa kufungulia nchi hizi majarida, ulianza kama HINARI mwaka 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, nchi zenye kipato kidogo wanaingia bure au kwa bei ndogo. Kwa seli angalia pia bioRxiv, iko toka 2013, wanaweka pepa kabla hazijakaguliwa, bure, ila kumbuka hazijakaguliwa. PubMed Central ina nyingi kamili. Ikishindikana mwandikie mwandishi, mistari mitatu tu ya heshima, wengi wanatuma siku hiyo hiyo na wanafurahi kusomwa Mbeya.

Mwanangu kamaliza digrii anataka masters kwa profesa mmoja wa mambo ya seli, mi nitajuaje kama huyo profesa ni wa kweli? Sijasoma sayansi

Shikamoo mama. Huhitaji kusoma sayansi, kaa na mwanao mfungue profaili ya profesa kwa pamoja. Msianze na namba ya juu. Bonyezeni zipangwe kwa mwaka, muone kama ametoa chochote miaka mitatu minne ya karibuni, maana mwingine namba zake zote ni za zamani na maabara imeshapoa. Alafu angalieni majina ya kwanza kwenye pepa ambazo yeye ni wa mwisho. Hao ndo wanafunzi wake. Kama ni majina tofauti tofauti, na mengine ya hapa hapa nyumbani, ina maana wanafunzi wake wanamaliza na wanapewa haki yao. Kama miaka yote jina la kwanza ni lake mwenyewe na wanafunzi hawaonekani, mwanao aulize wako wapi. Amwandikie mmoja aliyemaliza, amuulize kwa upole alichukua muda gani na vifaa vilikuwepo. Mwisho mwanao asome pepa mbili kamili na akueleze wewe kwa maneno ya nyumbani zinasema nini, akishindwa kabisa kueleza bado hajawa tayari kwenda hapo, na akieleza macho yakawaka, mama muache aende.

Pepa yangu ya kwanza imetoka miezi minne iliyopita, saitesheni sifuri. Nifanyeje?

Ni kawaida. Atakayekunukuu inabidi akusome, afanye majaribio yake, aandike, akaguliwe, hiyo ni mwaka au miwili. Wakati huo weka nakala unayoruhusiwa kwenye hazina ya chuo, weka data na picha zako ghafi mahali watu wanaweza kuzifungua, tuma linki kwa watu watano ambao uliwanukuu wewe, ukiwaeleza kwa sentensi mbili ulichokipata. Omba dipatimenti ikupe nusu saa uieleze kwa Kiswahili kwa manesi na watu wa maabara waliokusaidia. Alafu fungua Google Scholar, weka taarifa ikuletee email kila pepa yako inapotajwa, na ikija ya kwanza isome hiyo pepa yote uone wamekutaja kwa lipi. Ukikwama kuiweka njoo maktaba na simu yako, tunaiweka hapo hapo kaunta.